Barabara nzuri isiyo na pa kusimama

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, leo nina barabara moja tu ya kuzungumzia. Ni ile inayoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia pale Uyole, jijini Mbeya, ikapanda milima ya Uporoto, ikateremka Kiwira, ikapita Tukuyu na kuendelea hadi Kyela na mpakani Kasumulu, ambako ng'ambo yake ni Malawi. Ni barabara ya lami, na urefu wake si wa kutisha. Kutoka Uyole hadi Tukuyu dereva asiye na haraka hutumia saa moja na ushei, kama hakukwama nyuma ya lori.

Ndani ya saa hiyo moja nchi hubadilika mara tatu. Huko juu Isongole, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ni baridi, ukungu, viazi mviringo na watoto waliojifunga mashuka shingoni. Ukishuka Kiwira unaingia kwenye migomba, na nyumba huzioni isipokuwa mabati yanayochungulia katikati ya majani. Karibu na Tukuyu, upande wa Katumba, inaanza chai, mashamba yaliyokatwa juu sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Na ukiendelea chini kuelekea Kyela, sweta linavuliwa, kwa sababu Ziwa Nyasa liko mita 500 tu hivi kutoka usawa wa bahari, na huko watu wanalima mpunga na kakao. Muda wote huo, ukitoka Uyole, Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 unakuwa kushoto kwako, mara umevaa wingu, mara umelivua.

Desemba iliyopita nilipita njia hiyo na familia yangu. Mke wangu ni Mnyakyusa, mimi ni mtu wa Morogoro, na watoto wetu watatu ni watu wa Dar es Salaam, maana yake wanajua mlima kwa picha. Uyole tulimchukua shangazi yake mke wangu, mama wa miaka sabini na kitu, anayekwenda Tukuyu kwa sikukuu kila mwaka kwa basi. Safari hii alikubali kupanda gari la mkwe.

Gari lenyewe ni Noah, mtumba kutoka Japani, kama yalivyo maelfu ya magari katika nchi yetu. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, ndiyo maana magari yao yakishachoka kwao yanakuja kuzeekea kwetu. Hili la kwetu lilikuja na kioo kidogo cha ramani, na ndani ya kioo yumo mwanamke anayetoa maneno ya Kijapani kila gari linapowashwa. Ramani yake haina Tanzania. Kwa hesabu zake, tangu tulinunue tunatembea baharini. Tulipotoka Uyole akasema maneno yake, shangazi akauliza huyo mama anasema nini. Mwanangu wa pili akamjibu kwamba anatusalimu. Shangazi akashangaa kwamba mtu anasalimu na gari zima limenyamaza. Akainama mbele, akamwitikia kwa adabu zote: "Ugonile." Tulicheka hadi njia panda ya Isyonje.

Nalitaja gari hilo si kwa kuchekesha tu. Hapana shaka familia fulani ya Kijapani ililipeleka milimani mwaka fulani, watoto wakiwa nyuma kama wangu walivyokuwa nyuma. Japani karibu robo tatu ya nchi ni milima, na mlima wao mkubwa, Fuji, wenye mita 3,776, ni wa volkano kama Rungwe. Nitarudi kwenye habari ya Wajapani, kwa kuwa wana jambo walilolifanya barabarani ambalo sisi tungeweza kulifanya kesho.

Kusafiri na mzee katika nchi yake ni jambo jingine kabisa. Watoto walijua kwamba huku ndiko kwa mama yao, lakini shangazi alikuwa na habari za kila kilima. Pale Uporoto alionyesha upande wa kulia msitu uliolificha Ziwa Ngozi, ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, lenye urefu wa kilometa mbili na nusu hivi, ambalo huoni mto unaoingia wala unaotoka. Akasema wakati wa usichana wake watu hawakwenda huko ovyo. Upande wa kushoto akaonyesha msitu wa Rungwe. Wazee wa huko walikuwa wakisimulia habari za nyani mmoja wa ajabu waliyemwita kipunji, na wapo wageni waliodhani ni kiumbe wa hadithi. Mwaka 2003 watafiti waliosikia simulizi hizo wakaingia msituni wakamkuta. Mwaka 2005 alitangazwa kwa dunia, na mwaka 2006 wataalamu wakakubali kwamba si aina mpya tu bali ni jenasi mpya, ya kwanza kwa nyani wa Afrika tangu mwaka 1923. Jina lake la kitaalamu, Rungwecebus, limebeba jina la mlima huo. Dunia nzima ya wasomi inalijua jina la Rungwe kwa sababu ya mnyama huyo. Mwanangu wa kwanza, aliye kidato cha tatu, alikuwa hajamsikia, wala mimi sina haja ya kumlaumu mwalimu wake.

Shangazi alitueleza pia kwamba zamani safari kama yetu isingewezekana, hata magari yangekuwepo. Kwa mila za Wanyakyusa mke alitakiwa kumkwepa baba mkwe wake, asikutane naye njiani wala kumtazama. Sasa weka baba mkwe kiti cha mbele na mke wa mwanawe kiti cha nyuma, halafu mwanamke apate kichefuchefu kwenye kona za Kiwira. Shangazi mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi.

Baada ya kicheko hicho akanyamaza, kisha akamnong'oneza mke wangu. Mzee ana kisukari. Mwenye kisukari msikilizaji anajua, na anayemtunza anajua zaidi, kwamba haja ndogo haisubiri kituo. Mke wangu akaniambia nitafute mahali pa kusimama.

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama ile barabara kwa macho mengine. Pembeni ni mtaro, baada ya mtaro ni ukingo wa udongo, au ni shamba la mtu, au ni korongo. Mahali pa kutoa gari barabarani na kulisimamisha kwa usalama sikupaona kwa kilometa nyingi. Tulifika kituo kimoja cha mafuta, sitakitaja jina, nikaweka mafuta ambayo sikuyahitaji ili nipate uso wa kuomba choo. Choo kipo, kina kufuli, na mwenye ufunguo kaenda sokoni. Mhudumu alinishauri twende mbele kidogo "tukachimbe dawa". Nilimtazama shangazi ndani ya gari, na kitenge chake kipya cha sikukuu, na mvua imeanza kunyesha.

Sisi wanaume tumelizoea neno hilo la kuchimba dawa, tena tunalitamka kwa utani. Basi linasimama porini, konda anapiga kelele, wanaume wanajipanga upande mmoja na kumaliza kwa dakika mbili. Wanawake wanavuka kwenda upande wa pili wakitafuta kichaka, na wengi hawashuki kabisa. Muulize mama yako au dada yako anayesafiri kwa mabasi: atakwambia kwamba siku ya safari hanywi maji tangu asubuhi. Wajawazito wanafanya hivyo. Wagonjwa wa kisukari, walioambiwa na daktari wanywe maji, wanafanya hivyo. Katika nchi yenye barabara za lami mpaka mipakani, mwanamke anajikausha ili apite katika mandhari nzuri.

Shangazi alisaidiwa na mama mmoja tuliyemkuta kando ya nyumba yake akimenya ndizi. Alimpokea kama ndugu, akampa maji, akataka tubaki tule. Wema huo upo Rungwe na sina wasiwasi nao. Lakini huwezi kuujenga usafiri wa taifa juu ya ukarimu wa mama anayemenya ndizi.

Jambo la pili lilitokea Kiwira, nalo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Anayepita Kiwira anajua soko lilivyo pale barabarani: mikungu ya ndizi, parachichi kwenye ndoo, viazi kwenye sado, maharage, karanga. Gari likipunguza mwendo tu, wauzaji wanalikimbilia, kila mmoja na ndoo yake kichwani au beseni mkononi, wakigombea dirisha. Wengi wao ni wanawake na watoto walio likizo. Msichana mmoja, umri wake ungekuwa kama wa binti yangu wa mwisho, alituona tukipunguza mwendo akavuka barabara kutoka upande wa pili na beseni la parachichi. Nyuma yetu lilikuwa linateremka lori lililosheheni. Dereva wa lori alipiga honi na kubana breki, mtoto akaruka mtaroni, parachichi zikamwagika barabarani na tairi zikazipondaponda. Mtoto alitoka salama. Alisimama anazitazama parachichi zake, kisha akatuuliza kama tutanunua zilizobaki.

Tulinunua zote. Lakini nilipomuuliza mama mmoja mtu mzima pale kwa nini hawakai mahali pamoja magari yakawafuata, alinijibu kwa swali: wakae wapi? Akasema walishawahi kuonyeshwa eneo la ndani, mbali na barabara, wakakaa wiki nzima na mizigo ikawaozea, kwa sababu hakuna gari lililoingia huko. Msafiri hana sababu ya kuingia. Hakuna choo, hakuna kivuli, hakuna chai, hakuna chochote isipokuwa ndizi ambazo anaweza kuzipata dirishani. Kwa hiyo wakarudi barabarani. Yule mama hakulalamika, alinieleza hesabu ya biashara.

Tunajua miteremko ya mkoa wa Mbeya. Kila baada ya muda tunasoma katika taarifa ya habari kwamba lori limekatika breki na kuzoa magari na waenda kwa miguu. Sasa chukua mteremko wa namna hiyo, weka soko chini yake, kisha weka watoto wakimbiao na ndoo. Tunachofanya ni kuweka matuta na askari mwenye tochi. Tochi inampata dereva wa kwenye saluni aliyezidisha kilometa kumi. Lori lililokatika breki halisomi tochi.

Sasa turudi Japani. Januari 1990, katika mkutano uliofanyika Hiroshima kuhusu maendeleo ya maeneo ya mashambani, mshiriki mmoja alitoa hoja nyepesi sana: reli ina stesheni, kwa nini barabara isiwe na stesheni? Wakafanya majaribio katika mikoa michache, na Aprili 1993 serikali yao ikaandikisha stesheni za barabara 103 za kwanza. Leo zimepita 1,200. Kijapani wanaziita michi-no-eki, maana yake ni hiyo hiyo, stesheni ya barabarani.

Stesheni hiyo si hoteli wala haihitaji kuwa jengo la fahari. Masharti yake makubwa ni haya: pawe na maegesho ya bure na vyoo vilivyo wazi saa 24, pawe na mahali pa kupata habari za barabara na za eneo hilo, na wenyeji wa mahali hapo wawe na sehemu yao. Hilo la mwisho ndilo lenye akili. Wakulima wa kijiji wanaleta mboga na matunda yao, msafiri aliyeingia kwa ajili ya choo anatoka na kikapu. Anayesimama kwa dakika kumi anaona ramani ukutani, anagundua kwamba kilometa tano kutoka hapo kuna maporomoko ya maji, anabaki nusu siku. Na yalipotokea matetemeko ya ardhi, lile la Chuetsu mwaka 2004 na lile kubwa la mwaka 2011, baadhi ya stesheni hizo zikawa vituo vya kuwapokea watu na kugawia misaada, kwa sababu kila mtu alikwishajua zilipo.

Familia iliyokuwa na Noah yetu kabla yetu, nadhani ilisimama humo mara nyingi. Sisi tuliorithi gari hatukurithi mahali pa kulisimamisha.

Atatokea mtu aseme kwamba Wajapani ni matajiri na kwamba sisi tuna zahanati na madarasa ya kujenga kwanza. Namheshimu mwenye hoja hiyo, lakini naomba aniambie kipi hapo ni cha kitajiri. Uwanja wa changarawe unaotosha mabasi manne na magari ishirini? Matundu kumi ya choo na tangi la maji, katika wilaya ambayo sehemu zake zinapata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka? Paa la bati lenye meza za saruji? Maji ya kuoshea choo yanatoka mbinguni karibu kila siku, yanapita mtaroni na kwenda zake Ziwa Nyasa.

Hoja yenye uzito zaidi ni ile ya utunzaji. Vyoo vya umma tunavijua. Vinafunguliwa kwa utepe, mwaka wa pili mlango hauna komeo, mwaka wa tatu ni ghala la mtu. Kwa maoni yangu sababu yake ni kwamba choo hakina mwenyewe. Pale ambapo wauzaji wenyewe ndio wenye meza, na wanajua kwamba choo kikinuka basi halitaingia, hawatahitaji bwana afya wa kuwahimiza. Yule mama wa Kiwira aliyenipa hesabu ya wiki moja angeweza kusimamia stesheni nzima bila semina.

Na vya kumwonyesha huyo msafiri atakayesimama vipo tele. Karibu na Chuo cha Magereza Kiwira, Mto Kiwira unapita chini ya daraja la mwamba ambalo hakuna mhandisi aliyelijenga. Volkano ndiyo iliyolimwaga, na wananchi wakaliita Daraja la Mungu. Karibu na hapo kuna Kijungu, mahali mto unapozama kwenye mwamba kama maji yaliyomiminwa chunguni. Kusini mwa Tukuyu kuna maporomoko ya Kaporogwe, yenye pango nyuma ya maji ambamo mtu anasimama akaitazama dunia kupitia pazia la mto. Masoko kuna ziwa jingine la volkano, ambako Wajerumani walikuwa na boma, na mpaka leo husemwa kwamba walipokimbia vita walitumbukiza fedha zao humo. Mlima Kyejo ulitoa ujiji wa moto kwa mara ya mwisho takriban mwaka 1800. Fuji, unaochorwa kwenye kalenda za dunia nzima, ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1707. Kwa maana hiyo mlima wetu umenyamaza miaka michache zaidi kuliko wao. Na kutoka Isyonje, njia ya kwenda Makete inakupeleka Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambako maua yanachanua yenyewe uwandani wakati wa mvua.

Kwa haya yote tulipita na Noah kwa mwendo mmoja. Daraja la Mungu tuliliona kwa sababu shangazi alijua njia. Vibao vya kuelekeza ni vichache. Jirani yetu wa Dar es Salaam aliyekwenda Malawi kwa gari lake mwaka jana alipita barabara hiyo hiyo, akaniambia aliona migomba na askari.

Nikiulizwa nianzie wapi, sitaanzia Tukuyu mjini, maana mjini kuna hoteli. Ningeanzia pale Isyonje, njia panda ya Makete, kwa ajili ya wakulima wa viazi wa huko juu na wasafiri wa Kitulo. Ya pili ningeiweka Kiwira, upande wa juu kabla ya soko, ili magari yawe yameshaingia ndani na kuzima injini kabla ya mteremko, na wauzaji wahame na meza zao siku ile ile choo kinapofunguliwa, si wiki moja kabla. Kibao kikubwa kiwekwe kilometa mbili kabla, kwa Kiswahili, kikisema kuna choo. Dereva wa basi apewe amri ya kusimama hapo na abiria wapewe dakika kumi na tano, na kuchimba dawa porini kupigwe faini kwa mwenye basi, si kwa abiria.

Wiki ijayo, tukijaliwa, nitazungumzia viazi vya huko huko Isongole na ule mfuko wa lumbesa, ambao mnunuzi anaujaza mpaka unavaa kofia halafu analipia gunia moja.